Mpagazi wa Nyota Tano

Saa mbili kasorobo asubuhi, Swaumu, muuza asali wa Ng'ambo mjini Tabora, alikuwa anakaza vifuniko vya ndoo nne simu ilipomwarifu kuwa mpagazi amefika. Hoteli moja ya Ujiji ilitaka asali kabla ya saa nne, la sivyo ingehamia kwa muuzaji mwingine. Lori lingefika kesho yake, ndiyo maana akajaribu programu mpya ya usafirishaji.

Mlangoni alisimama mzee mwenye mzegazega begani, ule mti wa kutundikia mizigo huku na huku, na vumbi hadi magotini. Simu ilieleza: Mabruki, nyota nne, alifariki Uvinza miaka mia na thelathini iliyopita. Swaumu alihakikisha jina ndilo.

"Shikamoo babu. Ndoo nne utaziweza?"

"Marahaba mjukuu wangu. Nimebeba pembe za ndovu, sembuse asali!"

Saa mbili na nusu hoteli ilituma picha ya asali mezani. Swaumu akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Raha iliyoje! Miaka kumi na miwili ameyabembeleza malori, leo Ujiji imekuwa uani kwake. Kufikia adhuhuri, Mabruki alikuwa ameshakwenda Mpanda, Kasulu na Bagamoyo.

Alipompa maji, mzee aliyanywa wima, mti ukiwa begani.

"Tua basi babu, upumzike."

"Mpagazi hatui mpaka aliyemwita kazini amwambie. Tajiri wangu wa kwanza alikufa hajasema. Sasa aliyeniita ni huyo," akaonyesha simu. "Mwombe aseme tu, 'Tua.'"

Swaumu akapiga huduma kwa wateja. Mashine ilipokea mara moja, ikamwita kwa jina, ikamuuliza hali ya watoto. Alifurahi mno, maana zamani ungesubiri mpaka salio likate.

"Mwambieni Mabruki atue."

"Asante dada Swaumu. Tumeelewa umeridhika na Mabruki. Tafadhali mpe nyota."

Akiamini nyota zitamsemea mzee, akampa zote tano, akaandika: Huyu anastahili kupumzika.

Papo hapo simu ikalia. Mabruki alikuwa amepandishwa cheo kuwa mpagazi bora wa Tabora, mizigo mia kwa siku. Majirani wakampigia makofi. Yeye akaweka mti vizuri begani, akauliza mzigo unaofuata unakwenda wapi.

Swaumu aliona haya, haya kwelikweli. Lakini Kasulu walikuwa wameagiza tena, na asali ilikuwa tayari. Akazitundika ndoo, mbili huku, mbili huku.