Kifungua Mimba wa Bibi Dorkas

Gadiel alisimamisha gari Makanya, kando ya barabara kuu, akaokota bonge la jasi na kumpa bintiye Faustina alishike kwa mikono miwili. Likizo hii, alirudia kwa mara nyingine, haikuwa ya kulala na kula chipsi. Watoto wa Dar wangejua jasi inachimbwa wapi, faru wa Mkomazi anakula nini, na ukoo wao umetokea wapi. Joel, mwenye miaka kumi na sita na uvivu wa watu wawili, alipiga picha bila kushuka garini. Faustina, wa miaka saba, alililamba lile bonge, akasema halina chumvi.

Mama yao, Yudith, alicheka kama wengine, lakini hakuwa na amani tangu walipotoka Dar. Hakuogopa faru, wala kona za mlimani. Aliogopa kituo cha mwisho cha ratiba ya mumewe: jiwe lililo juu ya kijiji cha mama mkwe wake, upande wa Gonja.

Faustina alipokuwa mchanga alianza kuota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na zamani huko milimani alihesabiwa kuwa mkosi wa kumaliza ukoo. Jino lake la kwanza lilipotoka, Bibi Dorkas, mama yake Gadiel, alipiga simu akauliza: limetoka la juu au la chini? "La chini, Mama," Yudith akajibu chapuchapu, kijino cha juu kikimtazama pale mapajani. Hata mumewe, aliyekuwa kazini Mtwara miezi ile, hakumwambia. Alijua fika kwamba siri ikifumuka, mwanawe hatakuwa na kwao.

Kwa Bibi walikuta kande la mahindi na maharage limeiva. Bibi Dorkas alimpakata Faustina, akamlisha kwa mkono wake, akamtania kwa kumwita mke mwenza. Yudith aliwatazama, raha na hofu vikigombana kifuani.

"Mama, leo tunakwenda jiweni kujifunza," Gadiel akasema. "Hata wewe nasikia hujawahi kufika."

Bibi akasema hajawahi, na hamu hana, ila wageni hawaachwi peke yao. Akachukua kanga ya pili, akaifutika kwapani.

Mwongozaji wao, kijana aitwaye Fanueli, aliwapandisha polepole kwa njia ya msituni. Juu kulikuwa na jiwe pana, limeinama kuelekea bondeni, na mbuga ilionekana chini mpaka macho yanachoka. Fanueli alieleza kwa sauti ileile aliyotumia kuwaonyesha choo. Kigego alinyonyeshwa akashiba, akalazwa hapa amesinzia. Akiamka, anajigeuza.

"Hakuna aliyemsukuma," alisema. "Wazee walikuwa waangalifu sana kwa hilo."

"Na hawa?" Joel akauliza, akielekeza simu.

"Hawa ndio wenyewe. Msiwape biskuti, tafadhali."

Watoto walikuwa wamejaa pale jiweni, wachanga watupu, wengine wanatambaa, wengine wamekaa wananyonya vidole. Kila mmoja alikuwa na meno mawili ya juu, na ufizi wa chini mtupu. "Duh, madogo wengi kinoma," Joel akasema, akaendelea kurekodi kazi yake ya Historia. Gadiel akataka kujua kama walikuwa wakiletwa na baba au na mama. Fanueli akasema hilo ni swali zuri, wengi hawaliulizi.

Yudith alimbana Faustina mkono mpaka mtoto akalalamika, maana wale watoto walikuwa wameanza kuja. Walimpita Joel, wakapenya katikati ya miguu ya Gadiel, wakaja kumzunguka Faustina na kumshikashika viatu. Walikuwa na ubaridi wa maji ya mtungi. Yudith akawasogeza kwa mguu, taratibu, kama mtu afukuzavyo vifaranga. Wakarudi.

"Huwa wanafuata wenzao," Fanueli akasema. "Kumbe na huyu alianza ya juu?"

Bibi Dorkas akamgeukia mkwewe. "Mama Joel, uliniambia la chini."

"Niliogopa, Mama."

"Uliogopa nini?"

"Nilikuogopa wewe."

Bibi hakukasirika. Macho yake yalikuwa yamekwenda kwa mtoto mmoja aliyebaki nyuma, mwenye kitovu kilichotokeza. Alimwendea, akamnyanyua, akamweka mgongoni na kumfunga kwa ile kanga ya pili, fundo la haraka la mtu aliyelea wengi. "Sefania," akasema. "Huyu ni wangu. Wa kwanza."

Gadiel, aliyeambiwa maisha yake yote kwamba yeye ndiye kifungua mimba, alimshika mtoto kidole. "Kumbe nina kaka," alisema. Fanueli akasema hakuna shida, wenyewe wakija kuchukua wanapewa, ila wateremke kwa uangalifu kwa sababu njia inateleza.

Nyumbani Bibi alimwogesha Sefania kwa maji ya uvuguvugu, akampaka mafuta huku analia, anambembeleza, anamwomba msamaha kwa Chasu na kwa Kiswahili. Jirani yake Blandina alileta maziwa na kumpa hongera. Yudith alipoyaona machozi yale alipata tumaini. Mama aliyeonja uchungu huu, alijisemea, hawezi kuuonja tena. Akampakulia Faustina kande, akamketisha karibu na bibi yake.

Bibi akaisogeza sahani ya Faustina mpaka nje ya kizingiti, bila ukali wowote. "Asilale na wenzake, humu kuna wajukuu wengine," alisema, akimpigapiga Sefania mgongoni acheue. "Na mkirudi Dar, yeye mniachie mimi. Najua la kufanya."

"Mama, tutaongea," Gadiel akasema, akainamia sahani yake.

Yudith alingoja aongeze neno. Gadiel aliongeza kande. Hapo ndipo woga ulipomshika kisawasawa, kuliko hata jiweni. "Hapana" ni neno dogo tu, jamani, na mumewe alikuwa na maelezo ya kila kitu kuanzia jasi mpaka faru.

Yeye na Faustina walilala garini, wamejifungia. Kulipokucha Joel alipakia mabegi, safari hii bila kuambiwa mara mbili. Gadiel alisema angefuata na basi, kwanza azungumze na mama yake. Yudith alishaketi kwenye usukani, lakini kuondoka bila kuamkia wakubwa hakuweza. "Kamwamkie bibi yako," alimwambia Faustina. "Usimsogelee."

Bibi Dorkas alikuwa barazani akimnywesha Sefania uji.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi akachota uji. Faustina alidhani hakusikika, akapaza sauti.

"Bibi, shikamoo!"

Bibi akapuliza kijiko.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Sefania, uji ukimchuruzika, maana baba mkubwa ni baba mkubwa. Bibi akamfuta kidevu, akamwambia asiongee na chakula mdomoni.