Chungeni Kalamu ya Chanjo

Kama binti yako ni nesi na ana vijana wadogo, nisikilize mimi Mama Wavinya, kwa sababu wangu naishi nao nyumba moja. Usiogope sindano peke yake. Sindano kila mtu anaiogopa. Mimi nilikuwa nimeficha mikasi juu ya kabati, vidonge nimevifungia kwa sanduku la nguo zangu, spiriti nimeiweka mahali hata mimi nilisahau. Lakini kalamu niliiacha kwa mkoba wa Wavinya, mkoba uko kwa msumari, na chini ya msumari kuna kitanda cha kurukia. Nani anaogopa kalamu?

Wavinya anafanya kazi kwenye zahanati, mbele kidogo ya soko la Muthetheni. Akishatoka asubuhi, mimi ndiye mama wa Makau, ambaye ni wa miaka minane, na wa Ngui, wa miaka minne. Baba yao ni dereva wa lori, anakuja mwisho wa mwezi akiwa na mkate na usingizi. Vijana si wabaya. Shida yao ni kupenda kazi ya mama yao kupita kiasi. Kuku wangu mweupe alitembea na bendeji mguuni siku nyingi na hakuwa na kidonda. Ukikohoa katika nyumba hii unaambiwa utoe ulimi. Kuna siku nimekaa nachambua maharagwe, Ngui akaniwekea kikombe kifuani, akasikiliza, akatingisha kichwa, akamwambia ndugu yake, "Huyu susu hafiki Krismasi."

Mimi ndiye susu, bibi yao. Nilicheka, lakini jioni nilimwomba Wavinya anipime presha.

Sasa, kulikuja kampeni ya chanjo ya polio, ile ya matone ya mdomoni kwa watoto ambao hawajafika miaka mitano. Wenye chanjo wanapita nyumba kwa nyumba. Mtoto akishameza matone, anapakwa wino mweusi wa kalamu maalum kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na wino huo hautoki kwa sabuni wala kwa kusugua na jiwe. Mwenye chanjo akikuta kidole cheusi anajua huyo ameshapata, anaenda kwa mwingine. Upande wetu wote ulikuwa chini ya Wavinya. Jumamosi alirudi na kalamu mpya kwenye mkoba, na furaha kama ya mtu amepanda cheo.

Furaha yake kubwa ilikuwa Kalondu, jirani yetu wa chini ya barabara. Mtoto wa kwanza wa Kalondu alipata homa kali baada ya kudungwa sindano, na tangu hapo Kalondu hakutaka kuona mtu wa hospitali kwa boma lake. Msichana wake mdogo, Wanza, hakuwa amepata chanjo hata moja. Wavinya alimwendea jioni baada ya jioni, akitoka kazini na miguu imevimba, anakaa na yeye kumenya mbaazi, wanaongea habari za ng'ombe, za bei ya mahindi, mwisho wanaingia kwa matone. Siku moja Kalondu akasema, "Haya, waje Jumatatu. Lakini apewe mbele ya macho yangu, na ni hiyo siku tu. Ikipita, usinirudie tena na hiyo hadithi."

Wavinya alikuja nyumbani akiimba.

Jumatatu mchana nikamwona Pauline anapanda na kikasha chake cha barafu. Pauline ni mhudumu wa afya wa kijiji, ndiye alipewa nyumba za huku kwetu.

"Mama Wavinya, kijiji chenu kimenifurahisha!" akasema, akaketi bila kuambiwa. "Sikuwa na kazi. Kila mtoto nikishika mkono, kidole ni cheusi. Kumbe wale wa kanisani waliwamaliza jana?"

"Wa kanisani gani?"

"Si wengine walitumwa kusimama makanisani, wawapate watoto wakitoka ibada?"

"Pauline, mimi jana nilikuwa kanisani mpaka sadaka ya mwisho. Hakuna mtu wa chanjo alikuja kwetu."

Tukaangaliana. Hapo ndipo nilisikia mtu anatembea polepole sana nyuma ya nyumba, kwa ncha za vidole, kama paka ameiba nyama.

"Makau!"

"Naam, susu."

"Kuja hapa na ndugu yako. Na mikono yenu mje nayo."

Wakaja. Makau mikono iko safi, lakini Ngui kidole kidogo cha kushoto ni cheusi ti.

"Nani alikupaka hii?"

Ngui akamwangalia Makau. Makau akaangalia mawingu.

"Tulikuwa tunamsaidia mami," Makau akasema. "Alisema kazi ni mingi na watu ni kidogo. Si jana nikabeba kalamu kanisani. Wale wa Sunday School wakapiga laini. Mimi nilikuwa wa kupaka, Ngui alikuwa wa matone."

"Matone ya nini? Ngui! Uliwapa watoto wa watu nini?"

"Maji," akasema Ngui. "Na chumvi. Ndio ikuwe dawa."

"Woi, Mungu wangu. Na Wanza wa Kalondu?"

"Yeye ndiye hakulia," Ngui akasema kwa majivuno. "Wengine walilia."

Pauline alikuwa ameshika kichwa. "Mama Wavinya, nimeruka kijiji kizima! Na kesho niko ng'ambo ya mto. Jioni hii hiki kikasha kinarudishwa."

Nikampigia Wavinya. Mimi nikiwa na wasiwasi huwa naongea mambo yote mara moja, kwa hivyo nafikiri alisikia kwanza kwamba watoto wamekunywa chumvi na kwamba Pauline ameshika kichwa. Mwishowe akaelewa. Akasema, "Mwaitu, mama yangu, usiwapige. Nakuja." Baadaye Pauline aliniambia kwamba kabla Wavinya hata hajapanda pikipiki alikuwa ameshampigia mkubwa wake na kumwambia ukweli wote, ya kwamba ni watoto wake mwenyewe, na ya kwamba anarudia kijiji chote kabla jua halijashuka. Angeweza kusema ni kosa la Pauline. Hakusema.

Alifika na vumbi mpaka kwa kope. Akamshika Makau mkono mmoja, Ngui mkono mwingine.

"Mami, utatuchapa?"

"Nitawatembeza. Kila boma mlilopaka, nyinyi ndio mtasema."

Tukaenda sisi sote, Pauline na kikasha mbele, mimi nyuma nikiomba. Boma la kwanza walicheka mpaka wakashika mbavu. La pili mzee mmoja akamwuliza Makau, "Daktari, na mgongo wangu?" Watoto wakapewa matone yao ya kweli, na kwa sababu kidole cha kushoto kilikuwa kimeharibika, Pauline akawapaka cha kulia na kuandika hivyo. Wavinya alikuwa anacheka na watu, lakini mimi nilimzaa, niliona macho yake yako wapi. Yako chini ya barabara.

Kalondu alikuwa amesimama langoni, Wanza kiunoni. Mtoto alikuwa ameogeshwa, amevaa rinda la Krismasi. Kumbe mama yake alikuwa amemtayarisha tangu asubuhi.

"Mama Makau, hata usiingie," Kalondu akamwambia Wavinya. "Nilikwambia mbele ya macho yangu. Leo huyu Pauline anashika mkono wa mtoto wangu ananiambia ameshapewa. Amepewa wapi? Na nani? Mmemvizia kanisani kama kifaranga!"

"Kalondu, hajapewa."

"Na hii nyeusi ni nini? Jana nilidhani ni masizi!"

Wavinya akamsukuma Makau kidogo. Makau, ambaye nyumbani hanyamazi hata akiwa analala, alitafuta maneno mpaka nikamhurumia. "Ni mimi," akasema. "Nilimpaka. Hakuna dawa alipewa. Ni maji tu ya chumvi."

Kalondu alituangalia mmoja mmoja. "Sasa niamini gani? Asubuhi mnasema amepata. Jioni mnasema hajapata. Kesho mtasema nini? Mimi nilikubali siku moja na hiyo siku mmeichezea." Akageuka kwenda. Halafu akasimama, akamwonyesha Ngui kwa kidevu. "Na huyu wako? Yeye amepata?"

Wavinya akaangalia kidole cha Ngui. "Huyu amepata, nili..." Nikaona rangi inamtoka usoni. Alikuwa ametoka kazini kwenda kazini, na kile kidole cheusi alikiona Jumapili jioni akadhani ni Pauline alipita mapema.

"Mimi nilipakwa na Makau," Ngui akasema. "Hata sikunywa chumvi. Si mimi ndiye nilikuwa daktari?"

Kalondu akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akamshusha Wanza chini. "Woi, Sista! Unazunguka kijiji kizima na wako hajapata!"

"Hajapata," Wavinya akasema. Hakucheka. "Pauline, fungua kikasha."

Alikaa palepale kwa vumbi, nje ya lango la Kalondu, akampakata Ngui. "Fungua mdomo." Ngui, daktari wetu, alifunga meno kama mfuko wa simiti. Alirusha miguu. Akasema anaenda kwa baba yake. Makau akamziba pua, na hapo mdomo ukafunguka wenyewe. Matone yakaingia. Ngui akajiandaa kulia, akaonja, akafikiri.

"Haina chumvi," akasema.

Kalondu alikuwa ameacha kucheka. Alimwangalia Wavinya jinsi alivyoshika kichwa cha mtoto wake, kama mama mwingine yeyote. Wanza naye alikuwa amesogea karibu kuona Ngui amepewa nini tamu ambacho yeye hakupewa.

"Nitamshika mimi mwenyewe," Kalondu akasema.

"Mshike."

"Na akipata joto, asubuhi niko kwako. Na sitakuja kwa uzuri."

"Kuja."

Wanza alimeza, akapanguza mdomo, akanyoosha kidole cha kulia kabla hajaambiwa.

Wengine walilala usiku huo. Mimi nilikuwa macho kabla ya jogoo, nimeketi mlangoni. Usicheze na mambo ya watoto wa watu. Jua halijapanda vizuri nikamwona Kalondu anakuja, anatembea haraka, Wanza mgongoni. Nikasimama, nikaita, "Wavinya, toka!" Wavinya akatoka na kiatu kimoja.

Kalondu alifika, akamshusha mtoto. Wanza akakimbia moja kwa moja kumfukuza kuku.

"Huyo amelala kama gunia," Kalondu akasema, akajitupa kwa benchi. "Mimi ndiye sikulala. Mama Wavinya, hebu nipee chai."