Mto Uliosonya

Asubuhi ya kufungua msimu wa uvuvi, Ishbel Geddes alikuwa ndani ya kibanda cha wavuvi kando ya Mto Fennar, akipaka siagi mikate ya shayiri. Baridi ya Februari ilipenya chini ya mlango. Mikate ya wanakijiji aliipaka mpaka ukingoni. Wa Bwana Pelling aliugusa katikati tu, kisha akaurudisha mezani.

Bwana Pelling alikuwa ameununua mto ule mwaka uliotangulia, kwa sababu rafiki zake wa Edinburgh walikuwa na mito yao. Alikuwa hajawahi kuvua. Alijifunza kurusha nzi wa manyoya, chambo cha bandia, kwenye bustani ya nyumbani kwake, akainasa kofia ya mkewe, akajiona amehitimu. Boti aliichagua kwa rangi. Ilikuwa nyeupe, nyepesi, bapa chini kama sinia, ya watoto kuchezea kwenye bwawa. Boti nzito za zamani, zenye mkuku wa kukamata mkondo, aliamuru zipasuliwe kuni.

Wattie, mume wa Ishbel, ndiye aliyekuwa akiwapigia makasia wageni na kuwaonyesha samoni wanapolala. Alipoiona boti ile kwa mara ya kwanza, wiski ilikuwa imekwisha kumiminwa juu ya omo yake, pale mbele. Na pale Fennar, boti ikishamiminiwa wiski siku ya kufungua, hakuna anayeisema vibaya mpaka msimu ufungwe. Hivyo ndivyo walivyolelewa. Wattie akafunga mdomo.

"Ni sinia la chai, mke wangu," alimwambia Ishbel usiku huo kitandani. "Msimu ukifungwa nitamwambia."

Mwezi Septemba, msimu ukiwa bado wazi, Bwana Pelling alisimama wima ndani ya boti ili arushe vizuri, pale Kilindi cha Kasisi, ambako maji hugeuka ghafla. Boti ikapinduka. Jaketi la kuokolea lilikuwa moja, naye ndiye aliyelivaa. Akaelea mpaka ukingoni, akapanda kibandani akichuruzika maji, akaomba soksi kavu. Ishbel akampa soksi za Wattie, zile nene za sufu. Akavaa ya kushoto, akavaa ya kulia. Akaomba chai. Akaomba sukari. Ndipo akasema kwamba Wattie naye alikuwemo.

Tangu siku hiyo, maji ya Fennar hayakumgusa tena. Akikanyaga mtoni, maji yalijikunja na kurudi nyuma, yakamwachia duara la mawe makavu. Yalipojitoa kwenye mawe yalitoa sauti ndefu ya kufyonza, na kila mtu kijijini aliyewahi kuwa na bibi mkali aliitambua. Mto ulikuwa unamsonya. Nzi wake wa manyoya aliangukia kwenye kokoto. Samaki walipita mbali, wakimtazama kama watu wanaompita mlevi sokoni. Bwana Pelling alidhani ni jambo la kawaida kwa wenye mito.

"Inasaidia," aliwaambia wageni. "Siharibu viatu."

Makasia ya Wattie aliyachukua binti yake, Mairead, maana nyumba waliyokaa ilikwenda na kazi ile. Ishbel hakulala vizuri majira yote ya baridi. Jirani yao Torquil, mpiga zumari la mfuko, alimletea kuni kila wiki, akaziweka nyuma ya nyumba bila kubisha hodi, ili Ishbel asilazimike kumshukuru. Naye akamwachia chungu cha supu juu ya gogo. Katika miezi hiyo Ishbel alijiwekea jambo moja moyoni: mwaka huu atasema kabla ya wiski.

Watu walipokusanyika ukingoni, Torquil akiwa na zumari lake kwapani na wageni wawili wa Bwana Pelling wakiwa na suruali za mpira zinazong'aa kwa upya, Ishbel akajipenyeza mbele huku akifuta mikono kwa aproni.

"Bwana, kabla hujamimina. Boti hii ilimuua Wattie. Leo unampandisha mwanangu. Nunua boti yenye mkuku, na kila mtu awe na jaketi. Sina lingine."

"Mama, taratibu," Mairead akanong'ona.

"Taratibu tulikuwa nayo mwaka jana."

Bwana Pelling akatabasamu, tabasamu la mtu anayengoja mbwa wa jirani amalize kubweka. "Bi Geddes, pole sana kwa yaliyotokea. Lakini huo ni woga tu. Ngoja nikuonyeshe."

Akaingia ndani ya boti, akakaa. Mto ukasonya. Maji yakaondoka chini ya boti, kushoto na kulia, nayo ikatua juu ya kokoto, gwa! Bwana Pelling akaruka-ruka kwenye ubao. Akasimama wima, akarusha mshipi wake, nzi akanasa kwenye kichaka.

"Mmeona? Haiyumbi. Haiingizi hata tone."

"Imara kama kanisa," mgeni mmoja akasema.

"Haielei, bwana," Torquil akasema. "Imekaa juu ya mawe."

"Ndiyo usalama wenyewe huo."

Kisha, kabla Ishbel hajafungua tena mdomo, akachukua chupa akaimimina juu ya omo. Wiski ya pale hutengenezwa kwa maji ya Fennar, basi ilikwepa vidole vyake na kuangukia mbao. Kikombe cha pamoja kikapitishwa. Kilipofika kinywani mwa Bwana Pelling, wiski ikarudi nyuma, ikapanda ukingo wa pili, ikabaki imeegemea huko mpaka akakishusha.

"Hata hivyo nimeacha pombe," akasema.

Wiski ilikuwa imekwisha kumiminwa. Wanaume na wanawake waliomzika Wattie walitazama viatu vyao, na Ishbel akawaona jinsi walivyokuwa wameuma midomo. Naye pia alikuwa amelelewa hivyohivyo. Akarudi nyuma.

Bwana Pelling akashuka. Maji yakarudi, yakaiinua boti, ikaanza kuyumba papo hapo. Wageni wakapanda. Jaketi lililokuwepo lilikuwa lile la mwaka jana, akalivaa mgeni mnene.

Mairead aliposhika makasia, Torquil akashuka mpaka penye boti. Akapuliza zumari lake mpaka mfuko ukavimba kama boya, akaziba matundu yote kwa nta, akaupitisha mkanda wake kifuani mwa Mairead na kuukaza.

"Linafanya nini hilo?" Bwana Pelling akauliza.

"Halifanyi kitu, bwana. Nimempa mtoto zumari."

"Mzee Torquil, sasa wewe utapiga nini?" Mairead akauliza.

"Nitapiga mluzi. Funga kifundo cha pili, mwanangu. Hicho chalegea."

Boti ikaondoka kuelekea Kilindi cha Kasisi. Bwana Pelling akatembea katikati ya mto akiwa na viatu vya ngozi, akiwapungia mkono. Maji yakaja taratibu ukingoni, yakaingia ndani ya viatu vya Ishbel, yakapanda mpaka kwenye vifundo vya miguu, yakakaa hapo. Alibaki amesimama, soksi zimelowa, akisikiliza. Kutoka kule kilindini, kila Mairead alipovuta makasia, mfuko wa zumari uliguna kifuani mwake.