Fungu la Kumi na Mbili

Jumatatu asubuhi, kabla mashine ya kahawa haijapata moto, Perlita Agcaoili aliingia katika chumba cha seva cha kampuni yao mjini Laoag, Ufilipino, amevaa sweta mbili. Kazi ilikuwa ya kawaida. Kulikuwa na seva ya zamani iliyohitaji nafasi, na ndani ya kabati kubwa la diski kulikuwa na fungu moja la nafasi ya kuhifadhia, lisilotumiwa na seva yoyote. Alichomeka nyaya, akaliambia kabati jina la seva, akaipa seva hiyo fungu la kumi na mbili, kisha akaiagiza iangalie upya. Seva ikaliona fungu. Nyuma ya kabati akatokea mumewe Teofilo, aliyezikwa mwezi wa Agosti, amevaa shati lile la sherehe, barong, alilozikwa nalo, akasema chumba kina baridi.

Perlita akavua sweta moja, akampa.

"Umekonda, Pilo," alisema.

"Na wewe waya wa chini hukuukaza, Lita."

Fungu hilo ndilo alilokuwa akilishughulikia siku aliyokufa, na tangu hapo halikuwa limeunganishwa na seva yoyote. Perlita alilikata ili aone itakuwaje. Teofilo akaondoka pamoja na sweta. Alipoliunganisha tena akarudi, ameshafunga vifungo. Baada ya hapo hakulikata.

Ofisi ilimpokea Teofilo kwa manung'uniko. Walisema anasimama palepale pa kupitisha hewa baridi. Kadi yake ya kazi ilikuwa imeshafutwa, kwa hiyo mlinzi Domeng alimpa ya mgeni, akiirusha mezani bila kumtazama.

"Siku ile kadi ya mlango ulikuwa nayo mkononi, Domeng," Teofilo alimwambia.

"Na bosi nilikuwa naye mgongoni, Manong, kaka yangu. Usinianze."

Siku ile betri moja ilifuka moshi na kengele ikalia. Gesi ya kuzimia moto hufanya kazi kwa kufukuza hewa chumbani, na haifai kitu mlango ukiwa wazi. Teofilo alikuwa ndani. Aligonga kioo cha mlango kwa viganja vyote viwili. Mhandisi Bumanglag, mkuu wa idara, alisimama upande wa pili wa kioo hichohicho akamzuia Domeng asifungue, mpaka gesi ilipomaliza kazi yake. Seva zote zilipona. Msibani Bumanglag alisema marehemu alijifungia mwenyewe kwa uzembe, na wakubwa wa Manila wakalichukua neno hilo kama lilivyo.

Perlita alitaka jambo moja tu. Wakubwa walikuwa wanakuja Alhamisi kukagua mitambo. Alitaka mumewe asimame mbele yao aseme nani alizuia mlango. Hakumficha mtu nia yake, na wenzake wakaacha kula naye mchana, maana Bumanglag akiondolewa, idara nzima ingehamishiwa Manila.

Jumanne Bumanglag alishuka mwenyewe chumbani.

"Wewe umeshazikwa," alisema. "Maua nilileta kwa mkono wangu."

"Ya plastiki," alisema Teofilo.

"Mitambo yote ingeungua. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningefungua."

"Ndiyo maana hukupandishwa cheo."

Akamgeukia Perlita, akamwamuru alikate fungu. Perlita akasema seva ina kazi juu yake, hakatwi mtu katikati ya kazi. Bumanglag hakubishana, alipanda zake juu.

Wanaofanya kazi hii wote wanajua kwamba fungu moja ni la seva moja. Seva mbili zikipewa fungu moja bila kujuana, kila moja huandika ikidhani iko peke yake, hii inafuta ya ile na ile inafuta ya hii, mpaka hakuna cha kusomeka. Jumatano, watu walipokwenda kula, Bumanglag alikaa ofisini kwake akaunganisha seva yake na fungu la kumi na mbili. Kabati lilimwuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo, naye akaenda kula.

Perlita aliporudi aliwakuta waume wawili, mmoja kila upande wa safu ya seva. Mmoja alikumbuka harusi yao. Mwingine alikumbuka mlango, na uso wa nyuma ya kioo. Walisema kwa pamoja, na kila neno la mmoja lilipotoka lilimwondolea mwenzake lake. Wa kwanza alisema, "Lita, mwambie mama," akanyamaza, kwa kuwa alishasahau kwamba alikuwa na mama. Perlita aliikimbilia kibodi akaikata seva ya bosi. Akabaki mmoja tu, akivitazama viatu vyake kama vya kuazima.

Bumanglag alisema vidole viliteleza, akachagua kwenye orodha fungu lisilo lake.

"Mtu hukosea, Perlita. Hata mumeo alikosea."

Alhamisi wakubwa walikuja. Perlita akamleta Teofilo mbele yao, akimshika kiwiko. Mama mmoja kati yao, ambaye ndege yake ilikuwa karibu kuondoka, alimwuliza nani alizuia mlango.

Teofilo alifikiri kwa adabu.

"Mlango upi, Madamu?"

Walimshukuru. Wakakisifu chumba kwa usafi, wakala sambusa za empanada ghorofani na Bumanglag, wakaenda uwanja wa ndege.

Ijumaa asubuhi Teofilo alikuwa kando ya kabati, akimngoja mtu. Alimwita Perlita Manang, kama anavyoitwa mwanamke yeyote wa kuheshimiwa, akamwuliza kama yeye ndiye atakayemfundisha kazi. Perlita akasema ndiye. Akamwonyesha nyaya, jinsi seva inavyotajwa kwa kabati, jinsi inavyopewa fungu lake, na kwa nini haipewi la mwenzake. Teofilo alishika upesi. Kisha akaitazama kengele nyekundu juu yao, akauliza ikilia afanye nini.

"Toka mbio," alisema Perlita.

"Na nikichelewa?"

Upande wa pili wa kioo Domeng aliinamia simu yake.

"Watafunga mlango," alisema Perlita. "Agizo la bosi halijabadilika."

Teofilo akamshukuru kwa kumwambia mapema, wakaendelea na fungu la kumi na tatu.