Wifi Yangu na Matusi Yake

Wifi yangu ana mdomo mchafu kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye nyumba moja, na mimi namfuata kwa karibu. Alipoolewa na kaka yangu nilimwita Debe, kwa kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Naye alinipa majina mengi, mpaka baridi yabisi iliponikunja vidole akapata linalonifaa: Kaa, yule wa baharini. Tulitukanana jikoni, tukatukanana uani, tukatukanana hata kwenye msiba wa kaka yangu, kwa sauti ya chini, huku tumeshikana mikono. Mawifi ndivyo tulivyo. Asiyetaka kusikia akazibe masikio.

Kaka alipofariki tukabaki wawili katika nyumba yake. Mimi sikuweza hata kufunga kifungo, na yeye kichwa kilianza kumpotea. Yeye alikuwa na mikono mizima, mimi nina akili nzima, kwa hiyo ukituweka pamoja ulipata mtu mmoja kamili, ila ana kelele.

Asubuhi moja nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, blauzi mapajani, machozi yanamtiririka. Hakujua ile nguo inaingilia wapi. Nikamwambia kwa upole, vaa mpenzi wangu, anza na mkono huu. Akanitazama kama mtu aliyemkuta mwizi chumbani.

“Wewe nani?” akauliza, akajisogeza hadi ukutani.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kumzika kaka. Nikarudia kwa upole zaidi, naye akalia zaidi. Subira si kitu nilichojaliwa, basi hasira zikanipanda.

“Hata blauzi inakushinda! Ndiyo maana kaka yangu alikuwa anakula kwa jirani.”

Kichwa kikainuka.

“Kaka yako alikula kwa jirani kwa sababu wewe ulikuwa ushamaliza chungu, mlafi we! Na usinisimamie hapo kama mlinzi wa jela.”

Akaivaa ile blauzi, akafunga vifungo vyote, kisha akanivuta akanifunga na vya kwangu, huku ananieleza jinsi mama yangu alivyojuta kunizaa. Nilisimama pale nikitukanwa, na nilifurahi hadi nikataka kumbusu. Sikumbusu. Angenisahau tena.

Tangu siku hiyo tukaishi kwa dawa hiyo. Nikitaka aoge, nasema ananuka. Nikitaka ale, naapa kwamba chakula ni changu na hatapata hata tonge. Akisahau jina la mwanawe namwambia yule mwanao mwenye masikio makubwa, naye atalitaja jina zima na kuniuliza mimi nilizaa nini cha maana. Upole ulimpoteza, matusi yakamrudisha. Sijui kwa nini. Daktari naye hajui, lakini yeye analipwa kwa kutojua.

Kilichonishinda ni jiko. Aliliwasha akaliacha, kitambaa kikashika moto, na kwa vidole hivi sikuweza kufungua bomba. Nilizima moto kwa kuupiga na ndoo tupu. Basi nikaenda mwenyewe kwenye kituo cha huduma kwa wazee na walemavu nikaomba mtu wa kutusaidia asubuhi. Nilikwenda kwa miguu yangu, hakuna aliyenituma. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na mimi ukuta wenyewe niliutafuta mbali.

Wakatuletea Msaidizi. Binti msafi, mchapakazi, sina la kumsingizia. Alijua kumgeuza mtu kitandani bila kumuumiza, na sakafu yetu haijawahi kung'aa vile. Ila sauti yake ilikuwa uji mtupu. Kila kitu kwake kilikuwa mpenzi.

“Bibi mpenzi, sasa tunakwenda kuoga, sawa mpenzi?”

Debe akaanza kutetemeka, akauliza mama yake yuko wapi.

“Acha kumbembeleza!” nikapiga kelele kutoka jikoni. “Mwambie ananuka!”

Msaidizi akanitazama kama niliyemtemea mate. Nikamweleza dawa yetu, yote, tangu ile blauzi. Akatikisa kichwa kukubali, namna wanavyotukubalia wazee ili tunyamaze. Nikaona hajaelewa, nikasema basi ngoja nikuonyeshe. Nikaingia bafuni nikamwambia wifi yangu kwamba maji yenyewe yanamkimbia. Akanijibu vizuri sana, akaoga, akanirushia na kandambili. Nikamgeukia Msaidizi kwa fahari kama fundi aliyewasha gari bovu.

Wiki iliyofuata akaja na Afisa. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na adabu. Alitoa shikamoo, nami nikaitikia marahaba kwa furaha, maana nilidhani amekuja kujifunza. Nikamkaribisha kiti kizuri. Debe siku hiyo alikuwa moto kwelikweli, nilikuwa nimeshamchokoza tangu alfajiri ili wageni wamkute mzima.

“Bibi,” Afisa akamuuliza, “huyu wifi yako anakutukana?”

“Kila siku!” Debe akajibu, kifua mbele. “Tangu siku ya harusi yangu!”

“Na wewe unajisikiaje?”

“Najisikia kumchinja. Lakini ana nyama ngumu.”

Mimi nilicheka. Nilicheka peke yangu.

“Amewahi kukupiga?”

“Athubutu! Kwa vidole vipi?”

Afisa akasogeza kiti karibu, akamshika wifi yangu mkono, akashusha sauti. Nikajua mara moja kinachokuja, nikasema, “Mama, usimwongeleshe hivyo,” naye akainua kiganja kuninyamazisha.

“Bibi mpenzi, hapa uko salama. Niambie taratibu. Unaogopa ukiwa katika nyumba hii?”

Nikamwona Debe anaondoka. Macho yalibaki wazi, mwenyewe akatoka. Midomo ikaanza kucheza. Akatazama ukuta, akatazama mlango, akanitazama mimi.

“Naogopa,” akasema, na machozi yakaanza. “Huyu mama simjui. Nataka kwetu.”

“Debe!” nikafoka. “Acha ujinga, mwanamke usiye na haya!”

Hilo ndilo tusi pekee ambalo halikufanya kazi, kwa sababu Msaidizi alikuwa ameshamkumbatia na kumziba masikio.

Mwanawe alipigiwa simu. Anaishi mbali, ana kazi yake na familia yake, na kwa miaka mingi alikuwa akitafuta mtu wa kumwambia kwamba kutokuja kwake si kosa lake. Akaomba azungumze na mimi.

“Shangazi, wamesema anateseka.”

“Wewe umekulia humu. Umetusikia toka ukiwa mgongoni. Aliteseka lini?”

“Wao wamesomea, Shangazi.”

“Njoo umwone basi.”

“Nitakuja,” akasema, na wote wawili tulijua ni uongo.

Walimchukua kwa gari jeupe la kituo, kumpeleka nyumba ya wazee. Nilitakiwa nikae chumbani, ili nisimsumbue. Nilimtazama dirishani: Msaidizi anamwita mpenzi, anamwinamisha kichwa asijigonge, na wifi yangu, aliyewahi kumfukuza polisi kwa mchi, anapanda gari kwa utiifu bila kuuliza aendako. Nyumba ikanyamaza. Kumbe kaka yangu aliijenga na mwangwi, hatukuwahi kuusikia.

Huduma haikukatwa. Sasa nahudumiwa mimi. Msaidizi huja asubuhi, hunivalisha, hunilisha, huniita bibi mpenzi, na nikimtukana hutabasamu tu. Sijawahi kuadhibiwa vile katika maisha yangu.

Nilisumbua ofisi ile mpaka wakachoka. Mwishowe Afisa akakubali nikamtembelee kwenye nyumba ya wazee, kwa sharti moja. Alinieleza kwa upole, bila shaka. Nitazungumza naye vizuri, mhudumu atasimama karibu, na nikitoa tusi hata moja sitaingia tena pale. Nikasema nimeelewa. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, mimi mzee mzima, nikijifunza kusema habari za leo.

Nyumba yenyewe ni nzuri, siwezi kusema uongo. Madirisha makubwa, mashuka meupe, hakuna anayepandisha sauti. Walimleta akiwa ameoga, wamemnyoa nywele, mikono juu ya magoti. Alikuwa amenenepa kidogo. Hakunitambua hata chembe.

“Habari za leo, mpenzi?” nikasema.

“Nzuri, mama. Karibu ukae.”

Nikakaa. Tukazungumza habari ya mvua. Mhudumu mlangoni akatabasamu, akaniitikia kwa kichwa kwamba naendelea vizuri. Wifi yangu akanipapasa mkono, akavishika vidole vyangu vilivyopinda, akavitazama kwa huruma.

“Pole, mama. Vinauma?”

“Kidogo.”

“Wewe mtu mwema,” akasema. Kisha akainama karibu, kama anayenipa siri. “Mimi nina wifi, mama. Hajaja kuniona hata siku moja. Hapa wanakuja wageni wema kama wewe, yeye haji. Nimemkosea nini? Ukimkuta huko nje, mwambie mimi bado namsubiri.”

Nilijua sharti. Ningenyamaza, wangeniruhusu kuja kila Jumapili nikae mbele yake niwe yule mama mwema, na yeye angenituma kila Jumapili nimtafute wifi yake. Watu wenye busara wangenyamaza. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo.

“Nani aje kukuona wewe, kipara kama yai? Hata nzi wa hapa wamehama!”

Mhudumu akaruka kutoka mlangoni, lakini alichelewa. Wifi yangu alikuwa ameshanisikia. Mgongo ukanyooka, macho yakawaka, rangi ikamrudia usoni.

“Kaa!” akapiga kelele. “Ulikuwa wapi, mbwa wewe? Umeniacha na hawa wanaonong'ona kama wako msibani! Simama twende nyumbani.”

Akasimama mwenyewe. Akanishika mkono, kwa nguvu zake zile zile, akanivuta kuelekea mlangoni. Akawauliza nani kamvalisha gauni la maiti. Akalitaja jina la kaka yangu, la mwanawe, la mtaa wetu. Alikuwa na akili timamu kuliko wote mle ndani, na kwa mara ya kwanza alipoonekana timamu kabisa wakawa wanne kumshika.

“Tulia, bibi mpenzi. Tulia, mpenzi.”

Mimi nilitolewa kwa ustaarabu, nimeshikwa kiwiko. Korido ile ni ndefu, na nilimsikia njia nzima. Aliwatukana wahudumu, akalitukana gauni, akanitukana mimi niliyekubali kutolewa. Safari hii hakupotea. Alijua yuko wapi, alijua nani amemleta na nani anaondoka, na mimi ndiye niliyemwamsha ili ayajue yote hayo. Nilifika getini bado ananifuata kwa sauti.

Halafu matusi yakaisha, akaanza kusema tafadhali. Maisha yetu yote, wifi yangu hakuwahi kuniambia tafadhali.