Mahali Alipoketi Wambeti

Kliniki ya Jumanne ya pili ya mwezi ilifanyika ndani ya kanisa, kwa sababu upande ule wa chini wa Mbeere hapakuwa na jengo jingine la mabati lenye milango miwili. Wajawazito waliingia kwa mlango wa mbele, wakavua viatu na kupanda mizani. Wagonjwa wengine walingoja nyuma. Ilikuwa Juni, mwaka wa 1984. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili mfululizo, na wanawake wengi walikuja na mifuko mitupu, huenda gari la hospitali limebeba mahindi ya njano ya msaada. Gari lilikuwa limebeba daktari, nesi mmoja, sanduku la dawa na chombo cha barafu cha chanjo.

Wambeti alikaa peke yake kwenye benchi la mwisho. Alivaa marinda matatu, moja juu ya jingine, na chini alikuwa amekunja gunia. Zamu yake ilipofika, saa saba na nusu, sakafu ya udongo chini ya benchi ilikuwa imeota nyasi za urefu wa kidole, na katikati ya nyasi hizo mche mmoja wa kunde wenye majani mawili. Nesi aliuruka ule mche asije akaukanyaga, akamwita ndani.

Daktari Hilda alikuwa Mnorwe wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika hospitali ya misheni kule juu kwenye mashamba ya chai, akiwatibu wanawake. Kiswahili alifundishwa na mwalimu wa Pwani kabla hajapanda milima, kwa hiyo kilikuwa safi kuliko cha wagonjwa wake wote, na mara nyingine nesi alilazimika kuwaelezea alichosema.

"Umekuwa katika hali hii kwa muda gani?"

"Miaka tisa."

"Na mtoto?"

"Alikufa. Alikwama njiani siku tatu."

"Kwa nini hamkuja hospitalini siku ya kwanza?"

"Baba wa bwana yangu alisema tungoje. Alisema mama yake alizaa kumi na mmoja na hakuna gari ilikuja kumchukua."

Daktari aliandika. Mtoto aliyekwama humbana mama nyama za ndani mpaka zife, na zikifa huacha tundu, na kwa tundu hilo mkojo hutoka mchana na usiku bila kuomba ruhusa. Alikuwa ameona mamia.

"Na nyasi?"

"Zilianza mwezi uliofuata."

Daktari akaandika: *Nyasi, tangu 1975.*

Miaka ile ya kwanza nyasi hazikumsaidia kitu. Njagi, mumewe, alimrudisha kwa mama yake kwa sababu ya harufu, na mama yake akamjengea kibanda kando ya zizi. Pale alipoketi kulikuwa kijani, na mbuzi wa mama yake walilijua hilo kabla ya watu. Kisha mvua ikakataa. Mzee Njoka, baba yake Njagi, akaja na wazee wawili na kibuyu cha asali, akasema wamemkumbuka mke wao.

Jioni hiyo Wambeti alifua nguo zake zote na kumwomba mama yake amsuke nywele. Aliamini anarudi kwa mumewe. Kesho yake, alipofika kwa Njagi, alionyeshwa kigoda katikati ya shamba.

Jumatatu alikalia kunde, Jumatano pojo, Ijumaa mawele. Alihamisha kigoda hatua mbili kila kivuli kilipogeuka. Kufikia mwezi wa pili, chifu aliomba apewe Alhamisi, na kanisa likaomba Jumamosi kwa ajili ya shamba lake. Wanawake walitembea saa mbili hadi mtoni kumletea maji, na hata wale ambao watoto wao walikunywa nusu kikombe walihakikisha Wambeti anamaliza mitungi mitano kwa siku. Waliweka mtungi chini, wakarudi nyuma, wakangoja kwa mbali mpaka anywe. Jumapili mchungaji alimshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa jina. Wambeti alisikia vizuri, maana alikaa nje chini ya dirisha, na majirani walikuwa wamemwombea radhi kwa wageni kuhusu harufu.

"Tundu lako linaweza kuzibwa," Daktari Hilda alisema.

"Ikizibwa, nitakaa na watu?"

"Utakaa na watu."

"Na kunde?"

Daktari alifikiri. "Kuhusu kunde sijui. Mimi ni daktari wa wanawake."

Wambeti hakurudi nyumbani kuaga. Kliniki ilipofungwa alipanda gari, akakunja gunia lake juu ya kiti. Njagi alikuja mbio akasimama dirishani.

"Unaenda wapi?"

"Hospitali."

"Umeambiwa na nani uende?"

"Niliomba kwenda mwaka wa sabini na tano. Nimechoka kungoja jibu."

"Ngoja basi tuvune."

Wambeti alimtazama mtu huyu aliyekuwa na miaka ishirini na mbili walipooana, akaona kwamba anamwomba kwa moyo mweupe kabisa. Akapandisha kioo.

Kabla ya upasuaji daktari aliomba kwa lugha ya kwao, maneno machache, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo walilokwisha kukubaliana. Kazi ilichukua saa tatu. Kwa siku kumi na nne Wambeti alilala na mpira wa mkojo ukiingia kwenye chupa chini ya kitanda. Saruji pale chini ilipasuka kidogo na mstari wa kijani ukatokeza. Mfagiaji aliukata kila asubuhi akiendelea na kazi yake. Siku ya kumi na tano mpira ulitolewa. Siku ya kumi na sita Wambeti aliamka, akapitisha kiganja juu ya shuka, upande huu na upande ule, na shuka ilikuwa kavu. Akarudia. Kisha akaenda kwenye benchi la wageni, ambako wanawake watano walikuwa wamebanana, akasema "Sogeeni kidogo," na wakasogea kidogo tu, nafasi ya mtu mmoja. Alikaa hapo mpaka wote watano wakaitwa, wakaondoka, na wengine wakaja.

Kule chini shamba lilikauka ndani ya wiki moja. Wiki ya tatu Mzee Njoka alifika hospitalini na mchungaji. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu. Alikataa kukaa.

"Daktari, wewe ni mtu wa Mungu," alisema. "Sisi hatukatai kazi yako. Lakini hiyo shimo, hungeweza kuachilia kidogo tu? Hata kama ya sindano."

"Siwezi, Mzee."

"Huwezi ama hutaki?"

Daktari Hilda hakuwa na mazoea ya kudanganya. "Sitaki."

"Watu mia mbili walikuwa wanakula hapo. Na watoto wamo. Wewe umeziba mtu mmoja."

Mchungaji aliinamisha kichwa. Daktari aliwajua watoto hao, alikuwa amewapima uzito mwenyewe. Mwishowe alimwita Wambeti aje ajisemee. Wambeti alisimama mlangoni, mbali kiasi cha heshima ambayo mke hupaswa kumpa baba mkwe.

"Baba," alisema, "miaka tisa hakuna mtu aliniuliza kama nimekula."

Mzee Njoka alivaa kofia yake. Alisema bibi ya Njagi ameharibiwa na hospitali, na kwamba Njagi ataoa mwingine. Daktari aliandika barua kwa makao makuu ya misheni, na mwezi wa Agosti magunia arobaini ya mahindi ya njano yakafika Mbeere. Watu waliyala wakisema hayana ladha.

Wambeti alipewa kazi ya kufua. Aliipenda. Alipenda hasa kuanika shuka na kukusanya shuka kavu.

Januari mwaka uliofuata, kitanda kilichobebwa na wanaume wanane hadi barabarani, kisha kikapandishwa kwenye pikapu, kilifika mlango wa wodi ya wazazi. Juu yake alilala msichana wa miaka kumi na saba aitwaye Ciakuthii, mke mpya wa Njagi, aliyeolewa tayari akiwa na mimba. Mtoto alikuwa amekufa tumboni tangu jana yake. Daktari alimtoa mtoto na kumwokoa mama, na jioni shuka zilishuka kwa Wambeti. Alipozitumbukiza kwenye karai aliona vijani viwili vya kunde vikielea juu ya maji. Alivitoa, akaviweka ukingoni, akamaliza kufua. Kisha akaenda kumtafuta Njagi.

"Mlingoja siku ngapi?"

"Tatu na kitu."

"Na ile gari ya mwalimu wa shule, si ingewaleta?"

"Ilikuwa hapo." Njagi alikuwa akizungusha kofia mikononi. "Hakuna mtu alisema tungoje kwa makusudi," akaongeza.

Wambeti hakuwa ameuliza hilo.

Chini ya kitanda cha Ciakuthii mfagiaji alikuwa amekwisha kuanza kazi. Daktari Hilda alieleza jambo lilivyo: tundu lipo, litazibwa, lakini si sasa. Nyama zilizoumia lazima zipone kwanza. Akizishona leo, uzi utakata kama unashona ugali.

"Mpaka lini?" aliuliza Mzee Njoka, aliyekuja na ile pikapu.

"Miezi mitatu."

Mzee Njoka alihesabu kwa vidole bila haraka. "Miezi mitatu ni sawa," alisema. "Miezi mitatu kunde inakuwa tayari."

"Abaki hapa," Wambeti akasema. "Atalala kwangu. Mimi nitamfulia."

"Huyu ni bibi ya watu," Mzee alijibu, akimtazama daktari badala ya Wambeti. "Kwani amefungwa?"

Hakuwa amefungwa. Daktari alimwuliza Ciakuthii mwenyewe, na Ciakuthii akatazama wanaume, akatazama sakafu, akasema atakwenda na watu wake. Daktari Hilda aliwaandikia chifu na ofisa wa wilaya. Ofisa hakujibu. Chifu alijibu kwa heshima, na pamoja na barua akatuma kikapu cha majani mabichi ya kunde. Daktari alikaa nacho mezani siku nzima. Jioni alikipeleka jikoni, kwa kuwa wagonjwa walikuwa na njaa, lakini yeye hakula.

Jumanne ya pili ya Aprili Wambeti alishuka na gari la kliniki kumchukua Ciakuthii. Mvua ilikuwa imerudi mwaka ule. Njia nzima ilikuwa matope, na mashamba pande zote yalikuwa yameanza kuota yenyewe kama zamani. Kwa Njagi walipokelewa kwa chai ya maziwa. Mchungaji aliombea safari yao. Mzee Njoka aliuliza habari za milimani, akasema Ciakuthii yuko tayari kabisa kwenda, baada ya mavuno.

"Mvua imerudi, Mzee," daktari alisema.

"Imerudi, tunashukuru," Mzee alikubali. "Lakini mvua ni ya kuja na kwenda."

Wambeti aliacha kikombe chake na kuingia shambani. Kunde zilimfika magotini. Ciakuthii alikuwa ameketi kwenye kigoda, chini ya mwavuli mkubwa ambao akina mama wa kanisa walikuwa wamemnunulia, na mitungi mitatu ilikuwa mbele yake, mmoja mtupu. Wambeti alichuchumaa karibu naye kabisa. Msichana alijivuta nyuma ili kumwondolea harufu.

"Usisogee," Wambeti alisema. "Hiyo naijua. Gari iko hapo. Twende."

"Wanasema nikienda watoto watalala njaa."

"Mvua inanyesha."

"Wanasema kunde ya mvua inachelewa." Ciakuthii alichuma jani, akalikunja mara mbili, mara nne. "Wewe ulipoenda, walilala njaa?"

Wambeti angeweza kudanganya. Alifikiri juu ya hilo, na matone yakidunda juu ya mwavuli.

"Walilala. Mahindi ilikuja baadaye."

Ciakuthii aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilotarajia. "Mwambie daktari aje mwezi ujao," alisema. "Mwezi ujao nitapanda gari." Kisha akachukua mtungi wa pili, kwa sababu akina mama walikuwa wamesimama ukingoni wakingoja, akanywa.

Mei, Ciakuthii alisema Juni. Juni alisema wacha mawele yakomae. Kila mara daktari alikunywa chai, akaeleza upya, akajibiwa kwa upole, akaondoka. Kwenye faili aliandika: *Mgonjwa anangojewa.*

Jumanne ya Julai nesi alikuwa mgonjwa, na Wambeti akasaidia kliniki. Aliwapanga wajawazito kanisani na kumsomea daktari kadi zao. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa msichana mwembamba asiyeweza kuwa na zaidi ya miaka kumi na sita. Wambeti aliangalia kadi. Angejifungua Oktoba, mwezi wa kupanda.

"Wewe ni bibi ya nani?"

"Ya kijana ya chifu."

"Wamepanga utakuja hospitali na nini?"

"Chifu amesema hakuna haraka. Amesema tutaona siku ikifika." Msichana alitabasamu, maana watu wa nyumba ile walikuwa wakimtendea vizuri sana. "Wananipatia maji mingi."

Wambeti alimshika mkono akamsogeza karibu.

"Sikiza. Uchungu ikianza, usimwambie mtu. Toka kama unaenda kuni, utembee mpaka barabarani."

"Barabarani ni mbali, mama."

"Najua," Wambeti alisema. "Vua viatu. Panda mizani."