Akiba ya Pindo

Fundi wa nguo aliinuka tena kwenye cherehani na kuelekea chooni ameuma midomo. Gauni la harusi la bintiye lilibaki mezani na mkono mmoja. Jumamosi ndiyo harusi, na mama mzazi hakuweza kukaa kitini hata wimbo mmoja wa redio ukaisha. Mkojo ulimchoma, ukatoka matone matone. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mwanawe wa pekee angecheza ngoma yake huku mama akilinda mlango wa choo.

Dawa alikuwa amekwisha kumeza. Alikuwa nazo za kila rangi kwenye kopo la vifungo, maana fundi huyu hakuwahi kushona nguo bila kuacha akiba ya kitambaa kwenye pindo, wala kumeza dawa bila kuacha akiba vilevile. Akipata nafuu tu, vidonge vilivyobaki vinaingia koponi. Muuzaji wa duka la dawa naye hakuwa na makuu, alikata pakiti kwa mkasi kulingana na mfuko wa mteja.

Safari hii akapeleka mkojo maabara, wadudu wake wakaoteshwa kwenye kisahani. Aliporudi kuchukua majibu alisikia vigelegele tangu koridoni. Mpimaji, mama mnene mwenye utani, alimvutia kiti na kumwomba radhi kwa kelele. Wadudu walikuwa wameamka na furaha, wanaimba ule wimbo anaoimba fundi akishona. Fundi alikiri kwamba sauti wanazo.

Mpimaji akaangusha dawa moja kisahanini. Wadudu wakaishangilia kwa jina, wakaisogezea nafasi ikae. Ya pili nayo wakaiita shemeji.

"Kumbe wanajuana?" fundi akauliza.

"Sana. Kila dawa uliyoikatisha njiani ilikwenda kwao kusalimia tu, ikaaga. Sasa wamekuwa sugu."

Fundi akatazama sugu iliyo kidoleni mwake, pale mkasi unapokaa, akaelewa vizuri kabisa.

Ilipoanguka dawa ya mwisho, kisahani kikanyamaza.

"Huyu hawamjui," mpimaji akasema. "Mmeze mpaka aishe, dada yangu. Ukibakiza, watamzoea na huyu."

Fundi akaapa kwa cherehani yake. Akameza, akashona, na kila siku ile kwaya ya tumboni ikapungua sauti. Mkono wa pili wa gauni ukapata mahali pake.

Jumamosi alicheza mpaka viatu vikamtoka. Hakwenda chooni hata kidogo. Alimzungusha bintiye ukumbini, akamzungusha mkwewe, akamzungusha na mpiga picha ambaye hakuwa ameomba. Alikuwa na furaha ya kumtosha mtu na jirani yake.

Alipoketi kupumua, wifi yake akamnong'oneza kwamba tangu jana mkojo unamchoma, na sherehe ndiyo kwanza imekolea. Fundi akamhurumia kwa moyo wote. Akafungua mkoba, akatoa vidonge vilivyobaki vya ile dawa ya mwisho, vimefungwa vizuri kwenye kipande cha kitambaa cha gauni.

"Chukua hivi, wifi yangu. Mimi nimeshapona."

Chini kidogo ya mkanda wa nguo yake kikasikika kigelegele chembamba. Wifi akauliza kama bwana harusi anaitwa. Fundi akamwambia hapana, hao ni wa kwake. Akawajibu kwa kigelegele kirefu, akashikana mikono na wifi, wakarudi kucheza.